Nusu Kilo ya Mama

Mwalimu Makundi alisema kila mtu aje na kitu kigumu kutoka nyumbani,
kisichoyeyuka, kisichoelea, kisichokuwa cha kuazima.
Elinami akaja na kufuli lisilo na ufunguo.
Foibe, jiwe la Mto Karanga, bado lina utando wa kijani.
Kundaeli akaleta mshumaa. Ukaelea. Tukacheka
mpaka mwalimu akasema, "Basi huyo tumfungie nanga,"
na Kundaeli akawa Nanga hadi leo, na ana watoto watatu.

Mimi nilileta nusu kilo.
Jiwe la mizani la mama (jiwe kwa jina tu, lilikuwa chuma),
rangi nyeusi, kishikio kifupi kilichong'arishwa
na miaka tisa ya vidole vyake, Soko la Kiboriloni,
meza ya tatu kutoka kwa wauza dagaa.
Nililichukua siku isiyo ya gulio.

Mizani ya maabara ilikuwa na woga:
ukihema karibu, mkono wake unatetemeka.
Nikabana pumzi. 455.
Nikarudisha vyote sifuri, nikaanza upya.
455.

Dirishani mlima ulijitokeza kidogo, ukajifunika.

Tukajaza kopo lenye mdomo ubavuni mpaka likaacha kudondosha.
Nikalifunga jiwe kwa uzi wa cherehani, nikalishusha
taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia mgongoni.
Maji yakasogea kulipisha.
Silinda ikapokea mchirizi, kisha tone, kisha
tone lililofikiri kwanza.
Nikainama, jicho usawa wa maji, chini ya mkunjo wake: 70.

Mia nne hamsini na tano kwa sabini.
Sita nukta tano.
Na ukutani, kwenye jedwali lililoliwa na mende: chuma, 7.8.

Nikafuta 70. Nikaandika 58,
kwa kuwa hamsini na nane inazaa jibu la ukutani.

Mwalimu akapita, miwani imefungwa waya sikio la kushoto.
Akasoma daftari. Akaitazama silinda, niliyosahau kuimwaga.
Hakuuliza jiwe ni la nani.
"Maji hayajasoma kitabu, Ndeshi," akasema.
"Andika yalivyosema."

Alipokwenda nikaligeuza.
Chini, mahali rangi ilipochubuka, kizibo cha nta.
Nikakichokoa kwa bikari,
ncha ikazama yote.

Jioni nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharage,
mazima huku, changarawe kule. Hakusimama.
"Niliuziwa na mtu aliyekuwa anahama.
Wiki ya kwanza tu mkono ukaniambia."
"Mbona hukununua lingine?"
"Kwa hela ipi? Wewe ulikuwa unaanza darasa la kwanza, pekupeku."

Ndipo nikaiona ile konzi.
Kila mizani inapotulia, mama huchota konzi moja
akammwagia mteja juu, na watu husema
Mama Ndeshi ana mkono wazi, Mama Ndeshi ana nyongeza.
Nikamwomba aniwekee moja kwenye bahasha,
hivyo hivyo, bila kufikiri.
Ijumaa niliipima kabla ya kengele.
47.
Gramu mbili zaidi ya deni.
Nikaziandika pembeni mwa ukurasa, peke yake, bila swali.

Lakini namkumbuka pia yule bwana wa viatu vya ngozi,
aliyebisha shilingi hamsini kwa sauti, mbele za watu,
akasema wauzaji wa Kiboriloni wote wezi.
Mama alimpimia. Mizani ikatulia.
Mkono wake ukabaki mapajani.

Kwenye ripoti niliandika 455, nikaandika 70, nikaandika sita nukta tano.
Chini kabisa, penye Vyanzo vya Makosa,
nilikaa muda mrefu, wenzangu wakaenda kula makande.
Mwishowe nikaandika:
uzi ulilowa.